Suruali ya Siku Mia Saba Thelathini

Nilimwambia. Kwa mdomo wangu huu nilimwambia, tena si mara moja. Jumatatu nilimwambia kwa upole, Jumatano nikampigia simu, na jana jioni nikamwandikia ujumbe ili asije akadai hakusikia: "Kesho saa nne unakuja kujaribu suti kwa Baba. Vaa suruali ya kitambaa. Yoyote. Hata ya kuazima."

Saa nne na dakika tano mlango wa duka letu la ushonaji ukafunguka. Nikainua macho kutoka kwenye meza ya kukatia, na kilichotangulia kuingia kilikuwa ile jinzi yake. Ndiyo, ni suruali, lakini ni ngumu kiasi kwamba humtangulia mwenyewe.

"Usianze," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Mimi sijaanza. Naona wewe ndiye unataka kumaliza."

"Bibi Mkasi, nisikilize kwanza."

"Shusha sauti. Baba yuko ndani anapiga pasi koti lako."

Huyu ndiye mwanaume ninayempenda. Watu wanamwita Nili, kwa sababu ya ile rangi ya nili inayotoka kwenye jinzi zake na kupaka kila anachogusa, likiwemo gauni langu jeupe ambalo mpaka leo lina bluu ubavuni. Kazi yake ni kutengeneza cherehani zilizoharibika, na kazi hiyo anaijua. Ugonjwa wake ni jinzi. Wala si hizi zinazouzwa zikiwa zimeshachanwa magotini. Zake ni za kitambaa kizito ambacho hakijaonja maji tangu kifumwe, chenye uzi mwekundu kwenye ukingo wa ndani. Unainunua ikiwa kavu kama kadibodi, unaivaa wewe mwenyewe mpaka ikujue, na hufui ovyo, kwa sababu kila alama inayotokea juu yake lazima iwe yako. Ana wenzake watano, wanaume wazima wenye kazi na heshima zao, na kila Jumamosi wanakutana kupigana picha za magoti.

Na mimi, kwa bahati yangu, nimezaliwa kwa fundi suti. Baba anaitwa Mzee Pini mtaa mzima, maana pini hazimtoki mdomoni. Kwake yeye suruali isiyo na mstari wa pasi ni tusi. Akimwona mtu barabarani amefunga kifungo cha chini cha koti, ambacho kwa kanuni huachwa wazi, siku hiyo chakula hakipiti. Mimi ndiye mkataji wake, ndiyo maana Nili ananiita Bibi Mkasi, mwaka wa kumi na nne huu, na nawaambia kweli, yeye na Nili wanaumwa ugonjwa mmoja, ila wamelazwa wodi tofauti.

Baba ana sharti lake. Hakuna mwanaume anayeoa kwake kabla hajamshonea suti kwa mkono wake. Anasema mtu akisimama nusu saa mbele ya kioo, ana pini ubavuni na haruhusiwi kujikuna, tabia yake yote inatoka nje. Vipimo anaviandika kwenye daftari moja kubwa. Wateja wako mbele, kwa penseli, mpaka suti imkae mtu sawasawa. Nyuma ya daftari ni kurasa za familia, na huko anaandika kwa wino. Mashemeji zangu wawili wako nyuma. Nili yuko mbele, kwa penseli, ukurasa mmoja na mkaguzi wa mita za maji.

Jumapili hii wazee wa Nili wanataka kuja kuzungumza. Baba aliwajibu maneno machache: "Suti ikimkaa, nitawapokea. Isipomkaa, wasipoteze nauli." Sasa mtu amepewa nafasi hiyo moja, na bado ameniletea jinzi.

"Leo ni siku ya mia saba ishirini na tisa," akaninong'oneza pale mlangoni. "Kesho inatimia mia saba thelathini. Miaka miwili kamili. Nikiruka hata siku moja, hesabu inavunjika."

"Hesabu ya nani?"

"Yangu."

"Mimi nina miaka thelathini na tatu, Nili. Hiyo nayo ni hesabu. Umewahi kuikalia kikao na wenzako?"

Akanitazama kwa yale macho yake ya pole, yale yaliyoniponza tangu mwanzo, na akanyoosha mkono kunishika kidole. Kidole chenyewe kilikuwa na plasta, kama kawaida. Alipoiona akauachia mkono wangu haraka na kuangalia pembeni. Nilikwishazoea. Kila akiiona plasta ile alifanya hivyo hivyo, nami nikadhani ni mtu anayeogopa damu.

"Aliyeko mlangoni aingie au atoke," ikaja sauti ya Shangazi. "Upepo unanipozea chai."

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na duka analifagia yeye, kwa hiari yake, kwa sababu anasema sisi hatuoni vumbi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya dirishani, kikombe mkononi, tayari kwa shughuli.

"Shikamoo Shangazi," Nili akasema.

"Marahaba. Hebu niambie kijana, suruali hiyo huwa unalala nayo?"

"Hapana, Shangazi. Naitundika."

"Basi haipumziki vizuri huko inakotundikwa. Naona imechoka kuliko wewe."

Nikauma midomo. Ningecheka, Nili angeona namuunga mkono Shangazi. Nisipocheka, Shangazi angeona namuunga mkono Nili. Hayo ndiyo maisha yangu ya miezi sita sasa, tangu Nili aseme anataka kunioa, fahali wawili na mimi nyasi, na Shangazi anauza tiketi.

Baba akatoka na koti. Alilibeba kwa mikono miwili, lina nyuzi nyeupe za bandi kila mahali, zile za muda tunazozitoa suti ikishakubali. Akamtazama Nili kuanzia kichwani, alipofika kiunoni macho yakaruka mpaka kwenye viatu.

"Umekuja na dangirizi," akasema. Hajawahi kuiita jinzi.

"Ndiyo, Mzee. Samahani, Mzee."

"Vaa koti."

Na koti, jamani, lilimkaa. Mimi ndiye niliyelikata na nasema bila aibu, lilimkaa. Bega lilishuka palepale bega linaposhuka, kola ikalala shingoni kama imezaliwa pale, na mgongo wake ambao siku zote huwa ameukunja juu ya mashine ukanyooka. Alijitazama kwenye kioo, kisha akanitafuta mimi ndani ya kioo hicho hicho. Niligeuka kutafuta mkasi niliokuwa nimeushika. Hasira zote nilizokuwa nimeziandaa tangu saa kumi na mbili asubuhi zilitaka kuniacha, na mimi nilikuwa bado nazihitaji.

"Hili limekubali," Baba akasema, na pini mdomoni zikacheza kidogo. Kwa Baba hicho ni kicheko. "Suruali."

Nili akaingia nyuma ya pazia. Kule hakuna hata msumari wa kutundikia, kwa hiyo baada ya muda mkono ukachomoza na ile jinzi. Nikaipokea. Nilitandika gazeti kuukuu juu ya meza, maana kulikuwa na kitambaa cha kijivu cha mteja, ndipo nikaiweka. Ilikaa pale imejikunja magoti, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

Pazia likafunguka. Nili alitoka ameshika kiuno cha suruali kwa mikono miwili.

"Achia," Baba akasema.

"Mzee, nadhani nisiachie."

"Achia, kijana."

Akaachia kidogo tu, ikaanza kushuka, akaidaka. Baba alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Sijamwona akizitoa zote tangu msiba wa mama. Akavuta tepu, akampima.

"Thelathini na mbili."

Akafungua daftari. Mimi nilijua limeandikwa nini, lakini nilichungulia hata hivyo. Thelathini na nne na nusu.

"Umekonda?" Baba akauliza.

"Hapana, Mzee."

"Basi nini?"

Nili akaniangalia, nami nikamfanyia ishara anyamaze. Hakunyamaza, yule hajui kunyamaza panapofaa. "Siku ile ulinipima nikiwa nimevaa jinzi, Mzee. Na mkanda. Niliuliza kama nivue, ukasema nisimame hivyo hivyo, tumalize upesi."

Nikaikumbuka siku ile. Baba alimpima kwa mkono ulionyooshwa, uso ameupeleka dirishani, kama mtu anayepima kitu kilichooza. Miaka arobaini amewafundisha watu kwamba hupimi mtu juu ya nguo nzito, na yeye mwenyewe akafanya hivyo kwa sababu ya chuki tu.

"Nilipima dangirizi," akasema polepole. "Sikupima mtu."

"Basi hiyo ni ishara," Shangazi akasema, akaweka kikombe chini. "Sharti uliliweka mwenyewe, mdogo wangu. Ikimkaa, waje. Haijamkaa. Suti imemkataa mtu mbele ya macho yetu, na mwenye macho haambiwi tazama. Piga simu, Jumapili wasije."

Nilisubiri aseme kosa ni lake. Alikuwa anatazama ule mstari wa penseli, na nikaona kabisa kwamba kwake ni rahisi zaidi kumkosa mkwe kuliko kukiri kwamba mkono wake umekosea. Nikamgeukia Nili aseme neno. Yeye naye alikuwa anaitazama jinzi yake mezani, isije ikaanguka.

Hapo ndipo nilipochoka.

"Inatosha," nikasema. "Wewe unahesabu siku za suruali. Wewe unahesabu inchi. Shangazi anahesabu ishara. Miezi sita mnazungumza vitambaa juu ya kichwa changu, huyu anasema nguo imjue mtu, huyu anasema mtu aijue nguo yake, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka nini. Suti mmeipima. Jinzi mmeipima. Mimi nani ananipima?"

"Mpenzi," Nili akaanza, akainua mkono kunifuata, suruali ikaanza safari, akaurudisha.

"Usiniite mpenzi umeshika suruali."

Sauti yangu ilikatika hapo, na mimi sipendi kulia mbele ya watu. Nikaivuta ile plasta kidoleni, nikaitupa kwenye kikapu. Nilikuwa nampenda. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi kuliko yote. Ningekuwa simpendi ningekwenda kunywa chai.

Baba, kwa kuwa hawezi kumtazama mtu anayelia, aligeukia meza. Na Baba hawezi kuona nguo mezani asiiguse. Nilimwona mkono ukienda wenyewe. Akaishika ile jinzi kwa vidole viwili, akaigeuza, akaipindua ndani, akaisogeza dirishani.

"Pindo hili nani kashona?" akauliza, bila kumwangalia mtu.

"Mimi, Mzee."

"Umeshona kwa mashine gani?"

"Ile kuukuu niliyoifufua mwenyewe. Ya mshono wa mnyororo."

Baba akatoa sauti puani. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa pajani, wote, mpaka chini. Akainua goti, ambalo lilikuwa limepauka karibu jeupe. "Unapiga goti la kushoto."

"Cherehani za kukanyaga, Mzee. Mikanda yake iko chini."

"Naona. Na hapa pajani umeparekebisha mara tatu. Hii ya kwanza mbaya. Hii ya tatu nzuri." Alikuwa ameanza kusahau kwamba amekasirika. "Huku nyuma hakujachakaa. Hukai sana wewe."

"Sikai, Mzee."

Kidole cha Baba kikasimama. Kilikuwa kimefika kwenye ule mfuko mdogo wa mbele, ulio juu ya mfuko mkubwa, ambao watu wa zamani walitia saa. Kwenye kitambaa cha mfuko huo palikuwa na duara jeupe, limechorwa na msuguano, dogo kama kifungo cha koti la baridi.

"Hii ni nini?"

Nili akaangalia pembeni. Nilimtazama. Alikuwa amebadilika rangi.

Baba akaingiza vidole viwili, akatoa subana. Kile kikofia cha kuvaa kidoleni ili sindano isikuchome, cha shaba, kina kibonyeo ukingoni mahali ambapo pasi iliwahi kukiangukia nikiwa mtoto. Nilikijua kabla hajakigeuza. Ilikuwa subana ya mama.

Baba alinipa subana ile nilipotimiza miaka kumi na sita. Ilipopotea, hakusema nami siku mbili. Mimi nilimlaumu Shangazi kwamba ameifagia, tukagombana vibaya, na mpaka leo akishika ufagio ananiita kwanza nije nihakikishe. Miaka miwili nashona na plasta kidoleni, kwa sababu subana nyingine zote zilinikataa.

"Wewe?" nikamuuliza.

"Naomba nieleze."

"Eleza upesi," Shangazi akasema, na alikuwa amesimama.

"Siku ya kwanza niliyokuja hapa," Nili akasema. "Cherehani ile ya dirishani ilikuwa imekwama. Nilipoifungua nikaikuta subana tumboni mwake, imeziba. Nikaitia mfukoni. Nilitaka kuirudisha kesho yake, ili nipate sababu ya kukuona tena. Nia yangu ilikuwa hiyo tu, kisingizio cha kurudi. Kesho yake nilipokuja nikakuta vita. Baba hasemi na wewe, wewe husemi na Shangazi, na wewe ukaniambia, nakumbuka ulikuwa umesimama hapo hapo, 'Aliyeichukua sitamwangalia usoni maisha yangu yote.' Nikaogopa. Nikasema nitairudisha wiki ijayo. Halafu tukaanza kuzungumza, halafu nikakupenda, na kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake."

"Siku mia saba."

"Mia saba ishirini na tisa. Suruali niliivaa asubuhi ile ile, ilikuwa mpya. Kesho ni miaka miwili tangu nikuone."

Nikahesabu kichwani. Ni kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau tarehe, na nikasikia hasira upya, kwa sababu mtu mwizi hatakiwi kuwa sahihi.

"Umeniona nikijichoma vidole miaka miwili," nikamwambia.

"Nimeona. Kila mara."

"Baba, huyu ni mwizi."

"Ni mwizi," Baba akakubali. Alikuwa ameishika subana kwenye kiganja na jinzi kwenye mkono mwingine, anaangalia hiki, anaangalia kile. Macho yake yalikuwa na maji na hakuyaficha. "Lakini alama hii haifanyiki kwa mwezi, mwanangu. Wala kwa mwaka. Hapa hakuruka siku. Mtu anaweza kunidanganya kwa mdomo mpaka nimpe binti wa pili. Kitambaa hakijui kudanganya." Akalitazama daftari. "Na vipimo vile nilikosea mimi. Si suti iliyomkataa. Ni mimi."

Akaja akaniwekea subana kidoleni, kama alivyofanya nikiwa na miaka kumi na sita. Bado ilinikaa. Ilikuwa inang'aa kuliko siku ilipopotea.

"Ataomba radhi kwanza," nikasema.

"Naomba radhi," Nili akasema.

"Si kwangu mimi. Kwa aliyesingiziwa."

Nili akamgeukia Shangazi. Mikono yote miwili kiunoni, nyuzi za bandi zinaning'inia, jasho linamtoka. "Shangazi, nimekukosea. Miaka miwili umebeba lawama yangu. Nisamehe." Akataka kuinama kwa heshima.

"Usiiname, mwanangu," Shangazi akasema haraka. "Utatuonyesha mengine." Kisha akakaa, akachukua kikombe chake, akanitazama mimi na si yeye. "Na wewe je?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Nilisema sijaifagia."

"Ulisema."

Baba akalivuta daftari. Akafungua ule ukurasa wa mbele, akachukua kifutio, akafuta thelathini na nne na nusu. Akafuta kifua. Akafuta bega, mkono, urefu, vyote, mpaka mkaguzi wa mita za maji akabaki peke yake. Kisha akaligeuza daftari zima, nyuma ikawa mbele, akapita kurasa za mashemeji zangu, akafika kwenye ukurasa mtupu. Akamwita Nili, akampima polepole, kwa karibu, kama anavyopima watu wote.

Akafungua kalamu, lakini hakuandika. Akanitazama.

"Umesema hakuna aliyekuuliza. Basi nakuuliza. Nimwandike kwa wino, au nirudi kwenye penseli?"

Nili akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," nikamwambia.

Akanyamaza, kwa mara ya kwanza panapofaa. Nikaliangalia koti lile lililomkaa, na suruali ile inayomkimbia, na uso wake uliokuwa unangoja hukumu. Bado nilikuwa na hasira naye, na nilijua nitakuwa nazo kesho pia, na keshokutwa, hasira za kutosha hesabu yoyote atakayoianza. Nikagundua sijawahi hata mara moja kuzifikiria siku hizo bila yeye ndani yake.

"Wino, Baba," nikasema. "Lakini pima kiuno tena."

Akapima tena. Thelathini na mbili. Akaandika, akasogea pembeni, na sote wanne tukabaki pale tukingoja wino ukauke.